Mshipi Mwekundu Chini ya Rangi ya Fedha

Namalwa alikuwa na mdomo, na kwa hilo sitamtetea. Wanaomkumbuka leo kama mama mpole aliyeuza mapipa katika soko la Kakamega wanasema hivyo kwa sababu ameshakufa na hawezi kuwajibu. Mimi nilikuwa jirani yake sokoni miaka minne. Cherehani yangu ilikaa kwenye veranda ya duka la Mhindi, na kibanda chake kilikuwa hatua sita mbele yangu. Alikuwa mkali, mbishi, na hakuwa na haya ya kumfokea mteja mbele ya mke wake. Basi kama unataka mama mpole, tafuta hadithi nyingine.

Aliuza vitu vilivyokwisha tumika. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo wa Uhuru, wazungu wa Lugari walikuwa wanauza mashamba yao na kuondoka, na kila walichokiacha kilishuka Kakamega kwa lori. Vitanda vya chuma, taa, majiko ya mafuta, viti vya kukunja, na mapipa. Zaidi mapipa. Mtu akishaezeka nyumba yake mabati, jambo la pili alilotaka ni pipa la kukingia maji ya mvua. Tulivinunua vitu hivyo kwa pupa. Tuliona kwamba kitu kilichotoka nyumbani kwa mzungu hakiwezi kuwa kibovu, na kama ni kibovu, basi ni ubovu wa hali ya juu.

Namalwa hakuwa na pupa hiyo. Jiko la mafuta alilipiga pampu hadi mwisho, akalipaka povu la sabuni kwenye maungio, akakaa kitako kulitazama. Povu likitoa mapovu mengine, jiko linavuja, na linalovuja siku moja litamwunguza mtu uso. Kitanda cha mtoto alikipitisha ngumi katikati ya vyuma vyake. Ngumi ikipita, alisema kichwa cha mtoto kitapita na hakitarudi. Na kitu kibovu hakumrudishia mwenyewe. Alikinunua kwa bei ya chuma chakavu, halafu akakiponda kwa nyundo palepale, mwenye kuuza akitazama.

"Nikimwachia, atauzia mwingine," alisema.

Sisi tulicheka. Mfanyabiashara anayenunua mali ili aivunje! Siku moja nilimwona akizungusha sufuria juani nusu saa nzima, nikamwambia, "Mama Nanjala, hiyo ni sufuria tu, si bwana arusi."

"Bwana arusi akinishinda nitamrudisha kwao," akajibu bila kuinua macho. "Wewe shona suruali, Onesmus. Ile ya mwalimu umeshona mguu moja mrefu."

Ilikuwa kweli. Mguu mmoja ulikuwa mrefu.

Tulimwita Mama Nanjala kwa sababu ndivyo alivyojitambulisha alipokuja. Nanjala mwenyewe hatukuwahi kumwona. Tulidhani ameolewa mbali, na hakuna aliyeuliza. Tulichojua ni kwamba Namalwa aliishi zamani katika shamba la mzungu huko Lugari, ambako marehemu mumewe, Khisa, alikuwa mtu wa josho. Kazi yake ilikuwa kuchanganya dawa ya kupe na kuwapitisha ng'ombe ndani yake kila wiki.

Sasa nikuambie juu ya Mzee Shitanda. Alikuwa na lori, na siku zile mwenye lori alikuwa mwenyekiti wa kila kitu. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya soko letu, na pia mwenyekiti wa kamati ya shule ya harambee tuliyokuwa tunaijenga Amalemba. Mimi nilikuwa karani wa kamati zote mbili, kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri na sikuwa na mazoea ya kubisha. Shitanda hakuwa shetani. Alitoa mchanga wa shule bure, na alikuwa na ng'ombe mmoja wa gredi, wa damu ya kizungu, aitwaye Rozi, aliyemnunua huko huko Lugari, ambaye alimwosha miguu kwa maji ya moto kila asubuhi. Mtu anayempenda mnyama hivyo hawezi kuwa mbaya kabisa. Ndivyo nilivyofikiri.

Jumatatu moja Shitanda alileta mapipa kumi na mawili mbele ya kibanda cha Namalwa. Yote yalikuwa yamepakwa rangi ya fedha, yaking'aa mpaka macho yakauma. Mengine sita alikuwa ameshayapeleka shuleni, zawadi kwa watoto, yawekwe chini ya michirizi ya mabati. Jumamosi shule ingefunguliwa na yangejazwa maji.

"Mama Nanjala, watu wanakuaminianga," akasema. "Niuzie hii. Fungu lako utapata."

"Ilikuwa inabeba nini?" Namalwa akauliza. Swali hilo alimwuliza kila mtu.

"Mafuta ya taa."

Namalwa akaingiza pua kwenye pipa. "Mafuta ya taa inanukanga mwaka mzima. Hii inanuka moshi."

"Si nimeoshesha! Mabibi wangu wamesugua na jivu, halafu wakafukiza. Wewe ni mama wa Kibukusu, hiyo kazi unaijua."

Aliijua, na wote tuliijua. Kibuyu cha maziwa husuguliwa kwa jivu, kisha hutiwa kijinga cha moto kutoka mti uliochaguliwa, kikafukizwa hadi kinukie. Mama zetu walifanya hivyo na mama zao kabla yao. Chombo kikishanukia moshi ule, ni safi, na hakuna anayeuliza swali jingine. Mimi mwenyewe nilinusa pipa moja nikakumbuka nyumba ya nyanya yangu.

Namalwa hakutabasamu. Aliweka kiganja kwenye tumbo la pipa la kwanza, akafumba macho, akalizunguka polepole kama kipofu anayetafuta mlango. Akaenda la pili, akalizunguka hivyo hivyo. Kwenye la tatu kiganja kilisimama mahali pamoja. Akachukua msumari, akakwangua rangi ya fedha mahali padogo. Chini yake palikuwa pekundu.

"Hii ni pipa ya josho," akasema. "Zote. Rudisha. Na zile za shule uondoe leo."

"Rangi nyekundu tu ndiyo imekuambia hivyo?"

"Imeniambia."

"Unajuaje?"

"Najua."

Hakusema zaidi ya hapo. Kama angesema siku ile, pengine mambo yangekwenda vingine; lakini alifunga mdomo wake, yeye ambaye hakuwa akiufunga kwa lolote. Shitanda alicheka, akapakia mapipa yake, akaenda kuyauza mwenyewe upande wa pili wa soko. Namalwa alimfuata huko. Kila aliyegusa pipa alimwambia kwa sauti kubwa kwamba ni sumu, kwamba jivu haliondoi sumu, kwamba anajinunulia msiba. Waliomwuliza anajuaje aliwajibu, "Nimekwambia najua!" na kuwatukana. Hadi Jumatano hakuna pipa hata moja lililouzwa, na Shitanda alikuwa ameacha kucheka.

Kamati ilikaa jioni hiyo. Wanaume saba, na hakuna aliyeuliza mapipa yalibeba nini. Tulizungumza juu ya wivu. Tulisema mwanamke mjane ameona mwenzake anaendelea, roho ikamuuma. Tulisema maneno mengi kuhusu maendeleo, kwa sababu lilikuwa neno la wakati ule na lilikuwa tamu mdomoni. Nami nikaandika barua, na nitaisema hapa jinsi ilivyokuwa, kwa maana sijaisahau:

"Kwa Bi. Namalwa. Kamati imeona kwamba wewe ni mtu wa wivu na fitina. Unaharibu jina la mali ya watu na kuturudisha nyuma sisi wananchi. Unaamriwa kuondoa kibanda chako sokoni kabla ya Jumatatu. Mimi Onesmus, Karani."

Niliupenda sana mwandiko wangu siku hiyo. Na kuna jambo jingine, nalo nalisema mwenyewe kabla hujaambiwa na watu: Jumanne Shitanda alikuwa amenipa pipa moja, asante ya ukarani. Lilikuwa nyumbani kwangu, chini ya mabati, likingoja mvua. Binti yangu Khalayi alikuwa na miaka mitatu.

Alhamisi nilimpelekea barua. Namalwa hakujua kusoma.

"Nisomee," akasema.

Nilimtazama, nikatazama karatasi. Maneno niliyoyaandika kwa raha jana yake sikuweza kuyatamka mbele ya uso wake. "Nina kazi nyingi," nikasema. "Tafuta mtu akusomee."

Aliikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la leso. "Nitatafuta," akasema.

Jumamosi ikafika. Shule ilikuwa vyumba viwili vya udongo na mabati, lakini ilikuwa yetu, na kwa kweli nilijisikia mrefu nikiwa nimesimama pale na tai shingoni, kando ya mgeni wa heshima. Mapipa sita yalikuwa yamepangwa ukutani. Wanawake walikuwa wameteka maji mto Isiukhu tangu alfajiri, na manne yalikuwa yamejaa. Masufuria makubwa ya chai yalikuwa mafigani tayari, makavu bado. Watoto themanini walisimama mistari, kila mmoja na kikombe chake cha bati.

Namalwa aliingia amevaa gauni lake la kanisani. Mkono mmoja alikuwa na nyundo, mwingine tindo ya kukatia chuma. Hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye pipa la kwanza akainama.

Shitanda alimrukia akamshika mkono. "Mama, umerukwa na akili? Hii ni mali ya watoto!"

"Niache, Mzee."

"Mtoeni huyu!"

Wanaume wawili wakasogea. Namalwa akasimama wima, nyundo ameiinua juu, na wale wanaume wakakumbuka kwamba walikuwa na shughuli nyingine.

"Mnaniuliza kila siku ninajuaje," akasema. Hakuwa akipiga kelele sasa, na ndiyo maana watu walinyamaza. "Haya. Kule Lugari nilichukua debe ya dawa, imeisha. Debe nzuri, mpya. Nikasugua na jivu siku tatu. Nikafukiza. Nikafukiza mpaka ikanukia kuliko kibuyu ya mama yangu. Nikaweka maziwa. Nanjala akakunywa. Mnaniitanga Mama Nanjala, si ndiyo? Mmeshamwona? Alikuwa na miaka ine. Hakumaliza siku mbili."

Mimi nilitazama viatu vyangu.

"Baba yake hakujua kusoma kizungu. Maandishi ya kwa pipa hakujua. Akatafuta rangi nyekundu, na kila pipa ya sumu kwa hiyo shamba akaizungushia mshipi, hapa, kwa tumbo, na mkono yake. Rangi mara mbili, ikue nene, hata kipofu ashike ajue. Mzungu akiondoka alisema zitobolewe, zizikwe. Hii," akapiga pipa kwa kiganja, "ni mkono ya Khisa. Mtu amepaka fedha juu yake. Mimi nisijue mkono ya bwana yangu?"

Shitanda alijaribu kucheka. "Pole kwa mtoto, mama. Lakini watoto wa mashambani walikuwa wanakufanga na malaria. Haya maji ni safi. Mimi mwenyewe nimeosha hizi pipa."

Namalwa aliweka nyundo chini, akachukua ndoo ya mmoja wa wanawake, akaichovya katika pipa ikajaa, akaondoka nayo. Tulifikiri ameshindwa, anakwenda kulia mahali. Lakini boma la Shitanda lilipakana na shule, ua wa michongoma tu katikati, na penye pengo la ua Rozi alikuwa amefungwa kwenye nguzo, akitafuna majani na kutazama sherehe yetu. Jua lilikuwa kali. Alipoiona ndoo alinyoosha shingo.

Sijawahi kumwona mtu mzima wa suti akikimbia vile. Kofia ilimdondoka njiani. Aliipiga ndoo teke kabla mdomo wa ng'ombe haujafika, maji yakamwagika yote chini, naye akasimama mbele ya Rozi amenyoosha mikono.

"Ng'ombe hapana!" akalia. "Wewe mama, ng'ombe hapana!"

Halafu akasikia alichokisema. Wote tulikuwa tumekisikia. Wale watoto themanini walikuwa bado kwenye mistari na vikombe vyao.

Namalwa alirudi, akaokota nyundo, akaweka tindo chini ya pipa la kwanza na kupiga. Maji yalitoka kwa nguvu, yakamlowesha gauni, yakapita katikati ya miguu ya mgeni wa heshima ambaye hakujua aende wapi. Pipa la pili. La tatu. Mlio ulikuwa mkubwa na hakuna aliyemzuia. Alipofika la tano mwanamke mmoja alikwenda kumshikia pipa lisitikisike, na la sita walilishika wanne.

Mimi sikuliona la sita. Nilikuwa nimekwisha kukumbuka pipa langu.

Nilikimbia kutoka shuleni hadi nyumbani, na tai yangu ikinipiga usoni. Juzi usiku ilikuwa imenyesha. Nililala nikisikia maji yakidondoka kutoka kwenye mabati, nikafurahi, Mungu anisamehe, nikafikiri mke wangu Jescah hatateka maji mtoni wiki hii. Niliingia uani nikiliita jina la mtoto.

Khalayi alikuwa amekaa kwenye mkeka akila ndizi. Mke wangu alinyoosha mgongo kutoka kwenye karai la nguo. "Kuna nini, Baba Khalayi? Shule imeungua?"

"Pipa! Mmekunywa maji ya pipa?"

"Pipa gani?"

Lilikuwa mahali pake, likiwa limesimama linang'aa. Nililiinamisha. Lilikuwa jepesi, halikuwa na tone. Chini kulikuwa na matundu matatu, kila moja lingepitisha kidole gumba.

"Mama Nanjala alikuja na nyundo na tindo," Jescah akasema, huku akisukuma nguo ndani ya maji. "Hakuingia hata ndani. Akaniambia shika mtoto, akatoboa, akaenda. Nikamwambia bwana yangu atakasirika. Akasema, 'Mwache akasirike, mtoto akiwa mzima.'"

"Siku gani?"

"Alhamisi. Asubuhi ile ulitoka na barua. Niliogopa kukuambia."

Nilikaa chini kwenye udongo na suruali yangu ya sherehe. Kumbe alikuwa ametoka kwangu wakati nampa ile karatasi. Nyundo ilikuwa chini ya meza yake nilipomwambia nina kazi nyingi.

Jumatatu nilifika sokoni mapema kuliko watu wote. Namalwa alikuwa ameshafungua kibanda, amepanga sufuria zake kana kwamba hakuna kamati duniani. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi. Nilimwambia asante, nikamwambia barua ile haina maana tena, Shitanda ameacha uenyekiti, anipe niichane.

Alifungua pindo la leso, akaitoa. Ilikuwa bado imekunjwa mara nne. Hakuwa ametafuta mtu wa kumsomea.

"Si ya kupasua," akasema. "Nisomee."

"Mama Nanjala, tafadhali. Ni maneno mabaya."

"Umeandika unaniita nini, hata sijui. Nisomee."

Nilifungua karatasi nikaanza kwa sauti ya chini.

"Sauti," akasema. "Hao watu wa ndizi pale hawasikii."

Wauza ndizi walikuwa wameshageuka. Mhindi alitoka kwenye veranda yake na kikombe cha chai. Wanawake waliokuwa wakipita na mizigo kichwani walisimama. Nikasoma kwamba yeye ni mtu wa wivu na fitina. Nikasoma mali ya watu. Nikasoma sisi wananchi. Alinisikiliza amefunga mikono kifuani, akitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayekagua sufuria. Nilipofika kwenye Jumatatu nikanyamaza na kuikunja.

"Imeisha?"

"Imeisha."

"Hapana," akasema Namalwa, akaweka kidole chake chini kabisa ya karatasi, mahali palipokuwa na wino mwingi kuliko pote. "Hapa kuna kitu ingine umeandika kubwa kubwa. Soma."

Nikasoma jina langu.